Maji Yasiyotujua

Asubuhi ile mwanangu aliniita shangazi.

Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake namvalisha gauni. Akanitazama kwa adabu. Adabu, jamani, si mapenzi. Ile adabu ya mtoto aliyefundishwa kutomkodolea macho mtu mzima. Akasema, "Ahsante, shangazi." Nikacheka. Nikamtekenya mbavuni nikamwambia, "Shangazi yako nani, we Mboni?" Hakucheka. Alijikunja, akarudi nyuma kidogo, kama mtoto anavyorudi nyuma akiguswa na mtu asiyemjua. Kicheko changu kikabaki mdomoni kama tonge la moto, siwezi kumeza, siwezi kutema.

Nikasema ni usingizi. Mchana nikawa dada. Jua lilipoinama nikawa "wewe". Baada ya hapo sikuitwa kitu.

Naomba mnielewe, maana jambo hili kwenu huenda likawa dogo. Katika mji wetu mwanamke akishajifungua haitwi tena kwa jina lake. Anakuwa Mama Fulani. Fundi cherehani anamwita hivyo, muuza mboga anamwita hivyo, mume wake mwenyewe akitaka chumvi anamwita hivyo. Mimi ni Mama Mboni. Watu husema mama amezaa mtoto, wakaishia hapo, lakini sisi tunajua kwamba siku ileile, kwa uchungu uleule, mtoto naye amemzaa mama. Kabla ya kilio chake cha kwanza mimi sikuwepo. Palikuwa na msichana mmoja mwembamba aliyependa mihogo ya kukaanga, basi. Sasa niambieni. Aliyenizaa hanijui. Je, nimekufa? Au ndiyo kwanza sijazaliwa? Na huyu anayeuliza, anauliza kwa mdomo wa nani?

Mji wetu una koki moja. Imesimama katikati ya uwanja, na mitaa yote inaanzia hapo na kuishia hapo, kiasi kwamba mtu aliyepotea hana haja ya kuuliza njia; atembee tu, atafika kwenye maji. Bomba linakotoka hakuna aliyekuona. Wapo wanaosema linatoka mlimani, ingawa mlima hatuna. Wapo wanaosema linazunguka chini ya nyumba zetu na kurudi lilipotoka, na kwamba tunachokunywa leo ni kile tulichomwaga jana. Funguo anayo Mwenye Koki. Bibi yangu alimkuta akiwa na umri huo alio nao sasa, na mama yangu pia alimkuta akiwa na umri huohuo, na mimi namkuta hapo hapo, shati jeupe, tabasamu jeupe, funguo kifuani kama kidani.

Kwanza maji yalianza kuwa matamu. Hapo ndipo tungeshtuka, na hapo ndipo hatukushtuka. Maji hayatakiwi kuwa na utamu. Katika vyote tunavyotia mdomoni, maji peke yake ndiyo hupita bila kujisifu, hayasemi mimi chachu, mimi chungu, yanapita tu na kukuacha ukiwa hai. Sisi tulipoyaonja yana utamu kwa mbali, kama kisu kilichokata nanasi, tulisema: afadhali, tutabana sukari. Tukawapa watoto kwanza, kwa kuwa ndio desturi yetu, mtoto kwanza, kisha baba, kisha mgeni, na mama anywe kitakachobaki kwenye mtungi. Maji yalitupitia kwa utaratibu uleule wa heshima. Yalianza na watoto.

Tuliokuwa foleni tulikuwa tukilifanya jambo hili kichekesho. Foleni ya maji haivumilii huzuni. Ndoo nzito, jua kali, lazima mtu acheke.

"Wenzangu," alisema Mama Kidawa, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufukuza kunguru, "leo mume wangu kaniita dada."

"Afadhali wewe," akajibu mmoja nyuma. "Wangu kaniuliza nauza nini."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nauza yeye, anunue mwenye shida."

Tukacheka mpaka ndoo zikagongana. Nami nikataka kuchangia, niseme Baba Mboni alikuja jana, akasimama mlangoni na baiskeli yake, akavua kofia, akaniambia, "Samahani, nimesikia hapa kuna chumba cha kupanga." Nilifungua mdomo. Sikuweza. Kwa sababu nilimwona Mama Kidawa akifuta machozi ya kicheko, na machozi hayo hayakukoma. Aliendelea kufuta, na kufuta, na tabasamu lake likaendelea kukaa pale pale kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Koki ikaendelea kutiririka. Ndoo yake ikajaa, ikafurika, na hakuna aliyesogea kuifunga.

Tulijaribu, msidhani tulikaa tu. Tuliyachuja kwa kitambaa, yakapita na utamu wake. Tuliyatia shabu, uchafu ukashuka chini, maji yakawa meupe kama kioo, na watoto waliokunywa kioo kile wakasahau haraka zaidi. Tuliyachemsha. Maji yalichemka, kusahau hakukuchemka. Wengine walikunywa wamefumba macho. Wengine walikunywa huku wakitaja majina ya watu wao, Kidawa, Kidawa, Kidawa, na mdomo ukijaa maji jina likazama. Siku nazo zilikuwa zimeanza kunywa. Jumanne ilikuja bila kuijua Jumatatu. Ijumaa mbili zilikutana njiani zikapishana bila salamu. Jua lilichomoza upande ambao jana lilitua, likasimama kidogo, likafikiri, likaendelea.

Nami pia. Nisijifanye. Niliketi nikajaribu kuikumbuka sura ya mama yangu. Nikaona kilemba. Nikaona hereni, shingo, mstari wa jasho shingoni. Katikati, pale uso ulipotakiwa kuwepo, hamna kitu. Peupe, kama sahani iliyooshwa. Nikapiga ukelele uliowatoa kuku nje. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna maumivu makubwa kuliko kusahauliwa na Mboni. Ni siku nitakayomsahau mimi. Siku tutakayokaa chumba kimoja, yeye mgeni na mimi mgeni, kila mmoja akiwa na adabu zake.

Nikambeba Mboni mgongoni nikaenda kwenye mkutano wa mji.

Uwanja ulijaa. Mwenye Koki alisimama juu ya kiti, funguo inameta. Nikanyoosha mkono. Nilizoea kunyoosha mkono. Kwa msimu mzima nilisoma masomo ya jioni, mtoto akinyonya huku nikinakili ubaoni, na mkono wangu hauogopi hewa. Nikasema, "Maji ni mabaya."

"Mama Mboni," alisema kwa upole, "maji yapi?"

"Haya."

"Haya ni mengi. Sema lipi."

Watu wakaguna. Akaendelea, bado mpole, "Ukiniambia jicho limeoza, nitakuuliza la kulia au la kushoto, maana macho yana umoja wake, jicho. Meno yana jino. Wewe umesoma, Mama Mboni. Maji umoja wake ni nini?"

Nilishtuka kama mtu aliyekutana na nguo yake imevaliwa na mwizi. Somo lile nalijua. Mwalimu wa jioni alituuliza hivyohivyo, na mama mmoja akajibu "ji", tukacheka tukashika matumbo, mwalimu akatuambia la, maji hayana umoja, yalikuja duniani yakiwa mengi. Nilirudi nyumbani na furaha ya ajabu. Nilimwambia Mboni, ambaye hata kusema alikuwa hajui, kwamba kuna kitu duniani ambacho hakijawahi kuwa kipweke. Sasa neno lile lile, furaha yangu ile ile, limegeuzwa kamba.

"Hayana umoja," nikasema.

"Hayana. Basi hakuna lililoharibika. Kisichohesabika hakishtakiwi."

"Tuletee hilo ji tulione, Mama Mboni!" mtu akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko. "Lifunge kamba ulilete!"

"Sina ji," nikasema. "Nina mtoto. Mtoto ana umoja. Mimi ninaye mmoja tu."

Kicheko kikafa. Mwenye Koki akashuka kitini. Akaja mpaka nilipo, akainama, akamtazama Mboni aliyekuwa amelaza shavu begani kwangu. "Binti," akamwuliza, "huyu aliyekubeba ni nani?"

Mboni aliinua kichwa. Alinichunguza. Nilijigeuza ili anione vizuri, nikamwonesha uso wangu wote, kama mtu anayemulikiwa taa. Macho yake yalinipita yakarudi, yakanipita yakarudi.

"Simjui," akasema. Kisha, kwa kuwa amelelewa vizuri, akaongeza, "Lakini ana harufu nzuri."

Nasema kweli, hata koki ilinyamaza. Na katika ukimya ule niliamini kwamba tumefika, kwamba sasa watu wote wameona kwa macho yao, kwamba mkono mmoja utanyanyuka, kisha wa pili, na tutakwenda pamoja kulifukua bomba mpaka tujue linakunywa wapi. Niliwaona wakitazamana. Niliona hofu ikipita usoni mwao, na nikaipenda ile hofu, maana hofu bado ni kumbukumbu.

Mwenye Koki akanyooka. "Mmesikia," akasema. "Mtoto hana kosa. Maji hayana kosa. Kosa ni la swali. Huyu ni nani, yule ni nani, wewe ni nani wangu. Maswali haya ndiyo yanayotuumiza. Kuanzia leo hakuna atakayeulizwa. Hakuna mama, hakuna baba, hakuna shangazi wala binamu. Sote ni ndugu."

"Ndugu!" watu wakaitikia.

Walipiga makofi. Jamani, walivyopiga makofi! Bwana mmoja kando yangu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimkwepa mkewe kwa aibu ya kutomjua, alimgeukia akamshika mikono yote miwili, "Ndugu! Ndugu yangu!" huku machozi yanamtiririka, na mke akaitikia, "Naam, ndugu," naye akilia, kwani hakuna kati yao aliyekuwa na deni tena la kumbukumbu. Lilikuwa neno zuri. Hilo ndilo lililonitia kizunguzungu. Ni neno zuri, limewahi kuwabeba watu, kuwagawia shuka moja na chungu kimoja. Na sasa limetandikwa juu ya kidonda chetu, likatosha, likafunika mpaka miguu. Nusu ya moyo wangu ilipiga makofi. Kuwa ndugu wa Mboni ni afadhali kuliko kutokuwa chochote. Nusu ya pili ilishika miguu yake midogo mgongoni na haikuiachia.

Baada ya hapo mji ulikuwa na amani. Hakuna ugomvi, hakuna wivu. Vijana wa koki, waliotumwa na Mwenye Koki, walizunguka mitaani, na mtu akiteleza akasema "mama" walimgusa bega, "Ndugu, ndugu," kwa upole kama wanaomwamsha. Baba Mboni aliingia na kutoka, "Ndugu, naomba nipite," "Ndugu, chakula kitamu," uso umemkunjuka, hana wasiwasi hata chembe. Nilimtazama akilala. Alilala kama kitu kilichowekwa.

Mimi niliimwaga ndoo yetu. Nikakataa kunywa, nikakataa kumnywesha. Lakini kukataa maji ni rahisi asubuhi tu. Mawingu yalipita juu yetu, nayo hayakutujua. Midomo ya Mboni ikaanza kupasuka. Alikaa mlangoni ameitazama koki kule uwanjani, nami nikajiuliza swali ambalo bado linaniwasha: je, nimwache akae na kiu ili siku moja anijue, au nimpe anywe, aishi, na aishi bila mimi? Mama ni yupi kati ya hawa wawili? Yule anayekumbukwa au yule anayenywesha?

Kwenye kamba yetu palikuwa na kanga ya Mama Kidawa. Ilikuwa pale tangu siku asizozikumbuka. Nilimwambia, "Kanga yako itapauka," akaitazama juu mpaka chini akasema, "Si yangu, ndugu." Nami sikuwa na nguvu ya kubishana. Alfajiri moja nilipita chini yake ikanipiga usoni. Ilikuwa nzito. Nikaishika: imeloa chapachapa, na mvua hakuna. Nikaikamua mdomoni. Tone, matone, funda moja dogo.

Halikuwa na ladha yoyote.

Nililia pale pale chini ya kamba. Umande! Maji ambayo hayakupita kwenye bomba la mtu, yaliyoshuka kwenye nguo ambayo hakuna aliyeidai. Nikaingia ndani nikazitoa kanga zangu zote, ya ndoa, ya kubebea, ile iliyochanika, nikazitandaza kwenye majani nyuma ya nyumba.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa nimepiga magoti nakamua bakulini, Mama Kidawa akachungulia juu ya ukuta. "Ndugu, unafua bila sabuni?"

"Nimezianika."

"Mbona zimeloa?"

"Nimezianika ziloe."

"Mimi nasahau mambo," akasema, "lakini hili la kuanika nakumbuka lilikuwa upande wa pili."

Nikamnyooshea bakuli. Alionja. Akaonja tena, ulimi unatafuta utamu, haupati. Sijui ni nini kilipita usoni mwake, kilipita haraka. Akatoweka nyuma ya ukuta, akarudi amekumbatia rundo la kanga mpaka kidevuni. Na vijana wa koki walipokuja kuuliza kwa upole kwa nini tunaidharau koki, ni yeye aliyesimama, mikono kiunoni: "Tunaanika nguo, ndugu zangu. Au nguo nazo zimekatazwa kuloa?" Walitaka kuandika jina lake, wakamwuliza ni nani, akasema hajui, wakaenda zao.

Nikamimina kikombe. Hakikujaa hata nusu. Nikaingia ndani nacho, nikakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga.

Mboni alikuwa amekaa kitandani, midomo myeupe. Nikamwekea kikombe mdomoni. Akageuza uso.

"Kunywa, mwanangu."

Akatikisa kichwa. Alikiangalia kikombe kwa kiu iliyonichoma, koo lake likameza hewa, lakini mikono akaificha nyuma.

"Mama kanikataza," akasema. "Nisipokee kitu kwa mtu nisiyemjua."

Mama. Alisema mama. Neno lile lililofukuzwa mitaani lilikuwa limekaa ndani yake siku zote, zima, halijapata hata mkwaruzo. Na maneno yale ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia, mara ngapi sijui, nikimshika sikio. Uso wangu ulikuwa umefutika, na katazo langu limebaki linalinda mlango. Linalinda dhidi yangu. Nilijivuna na nikavunjika kwa pumzi moja.

Ningeweza kumshika. Mikono yangu inajua: kumbana pua, kummiminia dawa, kumfunga mdomo mpaka ameze. Nilimwona kabisa akilini mwangu akimeza huku akilia, na mgeni mwenye nguvu amemkalia. Nikakiweka kikombe sakafuni kati yetu. Nikarudi nyuma. Nikaketi chini, chini kuliko yeye.

"Basi tujuane," nikasema. "Mimi naitwa Sikudhani."

Sikuwa nimelitamka jina hilo kwa miaka. Lilitoka na kutu.

Akafikiri. "Hukudhani nini?"

"Mengi."

"Unamjua mama?"

"Namjua."

"Muongo. Sema yukoje."

Nikatafuta. Nilitafuta uso wangu niuone, sikuuona. Nani anaujua uso wake mwenyewe? Nikamtafuta mama mwingine yeyote, nikaona kilemba kitupu. Nikaogopa kwamba sina jibu. Kisha nikasema jambo pekee nililokuwa na hakika nalo.

"Anaimba vibaya."

Mboni akatanua macho. Mdomo wake uliopasuka ukacheka, ukauma, ukacheka tena. "Vibaya sana!" akasema. "Mpaka kuku wanakimbia!"

"Mpaka kuku wanakimbia," nikasema.

Akateremka kitandani. Akachuchumaa mbele ya kikombe, akanitazama mara moja zaidi, si kama binti anavyomtazama mamaye, bali kama mtu anavyomtazama mtu anayemjua mtu wake. Akanywa. Alikunywa mpaka akakigeuza kikombe juu, akapiga kitako chake kwa kiganja, tone la mwisho likashuka. Akajifuta kwa mkono.

"Maji haya hayana kitu," akasema.

"Hayana."

Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, alivyofundishwa.

"Ahsante," akasema. "Mama akija nitamwambia ulikuja."

"Mwambie," nikasema. Nikasogea ukutani, nikakaa naye, tumngoje.